Moshi wa Kifuu katika Gilasi ya Kanali

Katika klabu ya mabwana kule Likoni, Mwarandu wa Chengo ndiye peke yake aliyejua kuchanganya kokteli ikakaa sawa. Ndiye pia peke yake nyuma ya kaunta ile aliyekatazwa na serikali kuionja. Sheria ya koloni haikuwa na kona: Mwafrika asinywe pombe kali ya chupa, iwe wiski au brandi, kwa kuwa akili yake haijakomaa. Waliokomaa akili walikaa upande wa pili wa kaunta, na kila Jumamosi ilikuwa kazi ya Mwarandu kuwatoa chini ya meza na kuwatafutia kofia zao.

Alizaliwa Bamburi, mtoto wa Chengo mgema. Mzee huyo alikuwa akishuka mnazini, anatia pua kwenye mdomo wa kibuyu, anavuta mara moja tu, kisha anatoa hukumu: "Hili la wageni. Hili la wakwe. Na hili hapa mpelekeeni yule aliyenitukana msibani." Hakuonja. Alisema mgema anayeonja kila kibuyu hushuka mnazi wa tatu kwa kichwa. Mtoto akakua akidhani watu wote duniani hujua vinywaji kwa pua.

Halafu Chengo akafanya kosa la kumpeleka mwanawe shule ya misheni. Huko Mwarandu akajifunza kusoma, kuandika na kuimba sauti ya tatu, na mbele ya padre akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba ulevi hautapita midomoni mwake mpaka kaburini. Habari zilipofika Bamburi, Chengo alishuka mnazini na vibuyu vitupu. Akasema, "Nimezaa mtoto wa kunifungia duka."

Alipoingia klabu kuosha vyombo alikuwa na miaka ishirini na kitu, amemwoa Jumwa, na ana binti mmoja, Kache. Kaunta ilikuwa mikononi mwa Mgoa mmoja mpole, ambaye mwaka wa pili wa vita alikwenda kwao kuoa na ndoa ikampendeza, asirudi. Mabwana wakahangaika. Sekretari wa siku zile alipopata habari kwamba miongoni mwa waosha vyombo kuna mtu aliyeapa asiguse pombe, alifurahi kama aliyepata paka asiyetaka samaki. Siku hiyohiyo Mwarandu akavishwa koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Mgoa alikuwa ameacha daftari la michanganyo, lakini lilikuwa la vipimo tu, halikusema lolote kuhusu nini kifanywe vipimo vikikataa kusikilizana.

Na vilikataa, hasa katika kinywaji kilichoitwa Kanali Maalum. Hicho kilikuwa hivi: vipimo viwili vya wiski ya Uskochi, ile yenye harufu ya jiko la kuni lililomwagiwa maji, kipimo kimoja cha kileo kitamu cha asali na majani, kizito, kinachoshuka kutoka chupani kwa madaha ya bi harusi, maji ya ndimu kijiko kimoja, matone mawili ya dawa chungu, na barafu. Utamu ukizidi kidogo tu, moshi haupo tena, na mnywaji analalamika kwamba amepewa sharubati ya watoto. Moshi ukizidi, utamu unakaa kando umenuna, na memsahib anakohoa mpaka lulu zinamkatika shingoni. Tena chupa hazikuwa sawa. Wiski ya meli hii haikuwa ya meli ile, na ndimu za kiangazi si za masika.

Mwarandu akarudi kwa pua ya baba yake. Alinusa kabla ya barafu, kwa kuwa barafu hulaza harufu, na anayenusa baadaye ananusa usingizi. Moshi ulitakiwa ufike kwanza, upite, halafu asali iingie nyuma yake bila kubisha hodi. Asali ikitangulia, aliongeza wiski tone. Kisha aliinamisha gilasi akatazama utamu unavyoteremka ukutani mwake: ukiteremka kwa uvivu, ameutia kwa wingi, na hapo ndimu inaitwa kuja kusuluhisha. Kwa njia hiyo alifanya kazi miaka sita bila kuonja hata kwa ncha ya ulimi, na mabwana wakasema hakuna kaunta kama ile toka Mombasa mpaka Naivasha.

Mwenye kinywaji alikuwa Kanali Pelbury, mzee mwekundu mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. Kanali alijua wiski, au tuseme alijulikana kwa kusema kwamba anajua wiski. Aliwaambia wageni kuwa amelelewa kwenye kisiwa cha babu yake huko Uskochi, katika moshi wa udongo unaochomwa, na kwamba akinusa gilasi anaweza kutaja kilima ilikotengenezwa. Justus, karani wa klabu aliyetoka bara na aliyetunza karatasi za wanachama, alimnong'oneza Mwarandu kwamba Kanali alizaliwa Puna, Bara Hindi, na Uskochi alifika mara moja, akaumwa tumbo.

Mwaka wa 1946 vita vilikuwa vimekwisha, lakini meli za kuleta wiski zilikuwa bado zinafikiria. Chupa ya mwisho ikaisha. Katika stoo ilibaki brandi ya Kusini, kreti kwa kreti, kinywaji ambacho mpishi alikitumia kuwashia moto pudini ya Krismasi.

"Marandu!" Kanali akaita. "Mimi iko taka ile yangu."

"Wiski imekwisha, bwana. Ipo brandi."

"Brandi ya pudini! Mimi hapana iko pudini!"

Mwarandu alimtazama, akaona bora asitoe maoni.

"Sikia," Kanali akasema, kidole juu. "Jumamosi mimi kuja. Kama hapana iko Maalum, wewe vua koti, rudi kwenu, panda nazi."

Mwarandu alirudi nyumbani mchana ule na koti mkononi, kama anazoea kulibeba badala ya kulivaa. Alikaa barazani. Mnazi alikuwa hawezi kuupanda. Alijaribu mara moja utotoni, akateremshwa kwa kamba. Lilikuwa koti lile au kurudi kwenye sinki, na Jumwa alikwisha kuwaambia wanawake wote wa kanisani kwamba mumewe ni bwana wa kaunta.

Jirani yao, Mwanakheri, mwanamke wa Kimvita mwenye ulimi usiojua foleni, alikuwa amekuja kumletea Jumwa gudulia la maji.

"Shemeji, mbona umekaa kama uliyepewa talaka?"

"Wazungu wamekosa moshi wa kunywa, Mwana."

"Wamekosa nini?"

Akamweleza. Mwanakheri akaketi kabisa ili acheke vizuri. "Wallahi hawa watu! Nyumba ikifuka moshi wanakimbia na ndoo. Ukiwa gilasini wanaulilia!"

"Na mimi nitafukuzwa kwa ajili yake," Mwarandu akasema, akanywa maji aliyomiminiwa. Akasita. Alikuwa ameyanywa maji ya Mwanakheri miaka yote bila kufikiri. Sasa aliyanusa. Yalikuja na ubani kwanza, mbali, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba. Halafu yakawa maji tu, baridi na matamu. Akanusa tena.

"Mtungi wako unaufukiza vipi?"

"Jumwa, mumeo ameanza kuuliza mambo ya jikoni."

"Mjibu, shoga," Jumwa akasema. "Akipoteza koti hilo nitamvalisha mimi kanga."

Mwanakheri akamjibu kwa raha ya mtu aliyengoja miaka mingi kuulizwa. Mtungi uwe mkavu. Utie makaa na ubani kwenye chetezo, uupindue mtungi juu yake, moshi ushike ndani. "Wewe unataka moshi wa kuni, basi usitie ubani, tia kifuu. Kifuu kikavu cha mwaka jana, kisiwe na hata uzi wa nyama ya nazi, mafuta yatakuharibia. Na usingoje uwe mweusi. Ukinusa ukakumbuka harusi, ondoa. Ukinusa ukakumbuka nyumba iliyoungua, umeshachelewa, osha uanze upya."

Ijumaa Mwarandu aliingia klabu kwa mlango wa jikoni na mtungi mdogo kwapani, chetezo cha Mwanakheri mkononi, na vifuu sita katika kikapu. Mara ya kwanza mtungi ulikumbusha nyumba iliyoungua. Mara ya pili pia. Mara ya tatu alipata harusi. Aliuacha upoe, kwa kuwa brandi ikimwagwa kwenye udongo wa moto, klabu ingefika mbinguni mbele ya wanachama wake, kisha akaimimina ndani, akafunika kwa sahani, akaiacha mpaka kesho yake.

Kikabaki kitendawili cha asali. Brandi ilikuwa na utamu wake tayari, utamu wa zabibu, na ukiweka tamu juu ya tamu unapata dawa ya kikohozi. Mwarandu alinusa, akainamisha gilasi, akapunguza kileo cha asali kutoka kipimo kizima hadi nusu, akaongeza tone la tatu la dawa chungu. Moshi ukasimama mbele, zabibu na asali zikashikana mikono nyuma yake.

Jumamosi saa sita mchana Kanali akanywa. Akafumba macho. Masharubu yakatetemeka.

"Hii," akasema kwa sauti ili ukumbi wote usikie, "hii iko ile ya kisiwa. Miaka ishirini ndani ya pipa. Mimi jua kilima!"

Wanachama wakampigia makofi, kila mmoja akaagiza ya kwake. Kwa wiki sita kaunta haikupumzika. Mwarandu alifukiza kila Ijumaa, Jumwa alikusanya vifuu mtaa mzima, na mtu yeyote Likoni aliyekuna nazi alijua kifuu chake kinakokwenda, isipokuwa wale waliokinywa.

Taabu ilikuja kwa sababu kinywaji kilikuwa kizuri mno. Klabu ilipata Sekretari mpya, Kapteni Snode, kijana mwembamba aliyeishi kwa orodha. Alikagua stoo akaona ya kwamba wiski haimo tangu miezi miwili iliyopita. Akakagua kaunta akaona wanachama wanakunywa wiski. Akaketi na mambo haya mawili usiku na mchana, mwisho akamwita Mwarandu ofisini, na Justus akasimama katikati kutafsiri.

"Bwana Sekretari anasema hivi," Justus akaanza, akijikohoza. "Ati wewe unatoa wiski wapi? Hiyo ni moja. Mbili, kinywaji kinakaa sawasawa, na hakuna mtu anaweza kutengeneza kitu sawasawa kama hajaonja. Kwa hivyo umeonja. Kwa hivyo umevunja sheria. Kwa hivyo polisi."

"Justus, ndugu yangu, umetafsiri au umenihukumu?"

"Mimi natafsiri tu. Lakini hata mimi nataka kujua."

"Mwambie sijaonja tangu nizaliwe."

Justus akamwambia. Kapteni akajibu kwa maneno matatu.

"Anasema basi kinywaji kingekuwa kibaya."

Mwarandu alifikiri juu ya hilo. Kama angekuwa ameharibu vinywaji miaka sita, leo angekuwa mtu safi mbele ya sheria. "Muulize anataka nifanye nini ili aamini."

Kapteni alikuwa na jibu tayari, limeandikwa, lina namba. Jumamosi saa tano asubuhi, mbele ya kamati, Mwarandu angechanganya Kanali Maalum huku amefungwa kitambaa mdomoni. Akishindwa, ni dhahiri kwamba siku zote huonja, na polisi wataitwa. Akiweza, ataonyesha wiski ilikotoka.

Jumamosi ile kamati ilikaa kwenye viti vya mkwaju, wanaume watano na memsahib mmoja, Kanali katikati kama kadhi. Kapteni mwenyewe alimfunga Mwarandu kitambaa cha meza, akakaza fundo mara mbili. Alikifunga mdomoni barabara. Pua aliiacha nje, maana katika Uingereza nzima, ilivyoonekana, pua ni ya kupigia chafya tu.

Mwarandu akachanganya, akimimina kutoka jagi alilolijaza mapema. Polisi walikuwa hawako mbali, na Jumwa alikuwa amekaa nje ya lango na Kache, anajifanya anauza maembe. Akanusa. Zabibu ilikuwa mbele ya moshi. Akaongeza tone la dawa chungu, akanusa tena, akainamisha gilasi, akatia barafu, akampelekea Kanali kwa mikono miwili.

Kanali akanywa, akafumba macho. "Kisiwa," akasema. "Kilima kile kile. Upande wa kaskazini!"

Kamati ikapumua. Kapteni akamfungua kitambaa. "Sasa. Chupa iko wapi?"

Hapo Mwarandu angeweza kusema uongo, na kwa miaka mingi baadaye Jumwa alimuuliza kwa nini hakusema. Lakini uongo gani? Kusema ameiba ni jela. Kusema amenunua kwa mabaharia ni jela. Njia iliyobaki ilikuwa ukweli tu, na ukweli ulikuwa nyuma ya kaunta. Akautoa: mtungi, chetezo kilichobaki na majivu, kifuu kimoja, na chupa ya brandi ya pudini.

"Ndiyo hii, bwana," akasema, akaeleza kazi ya kila kimoja.

Justus alitafsiri polepole, neno kwa neno, na ilionekana waziwazi kwamba hajawahi kuipenda kazi yake kama siku ile. Alipofika kwenye kifuu akakiinua juu ili wote wakione. Memsahib alikuwa wa kwanza kucheka. Alijaribu kuficha kwa leso, akashindwa, akatoka nje, na wakamsikia anaendelea kucheka kwenye maua.

Kanali hakucheka. Wekundu wake ulipanda mpaka ukavuka nywele. Alitazama gilasi, akatazama kifuu, akaweka gilasi chini. Ilikuwa tupu.

Kamati ikajifungia. Ilikaa saa nzima, na Mwarandu akasikia sauti moja tu kupitia mlangoni, nayo ilikuwa ya Kanali. Walipotoka Kapteni akasoma karatasi, na Justus akatafsiri akiwa ameinamisha macho.

"Kamati imeona kwamba hujaonja kamwe. Kwa hivyo huna hatia, na polisi hawataitwa." Akageuza karatasi. "Kamati pia imeona kwamba mtu ambaye hajaonja kamwe hana ujuzi wa vinywaji. Na klabu haiwezi kumweka mtu asiye na ujuzi kwenye kaunta. Vua koti."

"Soma tena."

"Nimesoma mara mbili ndani, Mwarandu. Ni hivyo hivyo."

Akavua. Vifungo vya shaba vikalia juu ya kaunta.

Nyumbani Jumwa akasema: "Watu hufukuzwa kwa ulevi. Wewe, Baba Kache, ndiye wa kwanza pwani nzima kufukuzwa kwa kutokulewa."

"Maneno hayo mpelekee padre," akasema Mwarandu. "Ayahubiri."

Klabu ikaleta mtu mwenye ujuzi. Alikuwa nao kweli. Alionja kwa bidii na kwa haki, kila gilasi mara moja kabla na mara moja baada, na kufikia saa tano asubuhi alikuwa amelala juu ya kaunta na shavu lake ndani ya sahani ya ndimu. Waliokunywa michanganyo yake walisema siku moja ni asali, siku ya pili ni petroli.

Wiki ya tatu, Jumapili, Mwarandu ametoka kanisani tu na hajavua tai, akaona kofia ya kitambaa ikija kichochoroni. Chini ya kofia alikuwa Kanali Pelbury, kwa miguu, na kitu kimefungwa katika gazeti kwapani. Watoto kumi na mmoja walimfuata.

"Hodi," akasema Kanali.

"Karibu, bwana," Jumwa akajibu, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na Mwarandu amekikalia, akamsogezea mgeni mbuzi ya kukunia nazi. Kanali akaikalia, magoti yakamfika masharubuni, meno ya mbuzi yakimchungulia kati ya mapaja. Mwanakheri akatoka kwake na kazi ya kufagia ambayo haikuwapo.

"Marandu. Mimi leta brandi." Akafungua gazeti. "Wewe fanya ile moshi."

Mwarandu hakuigusa chupa. "Bwana, hiyo ikikutwa nyumbani kwangu, jela ni yangu. Bwana anajua sheria."

Kanali akaangalia chupa kama aliyeiona sheria kwa mara ya kwanza, na imekaa pajani mwake.

"Tena kamati imesema sina ujuzi."

"Mimi iko kamati."

"Basi kamati iandike."

Kuku akapita kati yao. Kanali akatafuta mfukoni, akatoa kalamu, na Jumwa akampa karatasi ya nyimbo za asubuhi ile, upande wa nyuma mtupu. Mwarandu akasema, Kanali akaandika, na kwa kila mstari Mwarandu alisimama nyuma yake akasoma Kiingereza chake cha misheni herufi kwa herufi: kwamba amerudishwa kaunta kuanzia kesho, kwamba hataulizwa tena na mtu yeyote kama ameonja au hajaonja, kwamba chupa iliyoko hapa ni mali ya Kanali, ameileta Kanali, na ataondoka nayo Kanali. Alipotia sahihi, Mwanakheri, ambaye hakujua kusoma, aliiomba karatasi akaitazama na yeye.

Mwarandu akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, akampa Jumwa.

"Sasa moshi," Kanali akasema.

"Sasa moshi, bwana. Lakini mimi leo Jumapili sifanyi kazi. Nitakuelekeza."

Jumwa akaleta makaa. Mwanakheri akaleta chetezo na kifuu cha mwaka jana. Kanali Pelbury akapiga magoti uani, akashika kipepeo cha ukili kwa mikono miwili, akaanza kupepea, na moshi ukamkuta machoni, puani na ndani ya masharubu yale ya kutosha watu wawili. Akakohoa. Machozi yakamtoka. Watoto wakasogea karibu.

"Iko tosha?" akauliza.

Mwarandu akainama kutoka kitini, akanusa mdomo wa mtungi. Ilikuwa harusi, wazi kabisa, na bi harusi ameshaingia.

"Bado, bwana," akasema, akajiegemeza. "Pepea."